Deni la Mwalimu Asiyeniona

Je, mtu anaweza kudaiwa na mtu asiyemjua? Sisemi deni la benki, wala lile la dukani ambalo limeandikwa kwenye daftari na kila ukipita unageuza uso upande wa pili. Nasema deni la ujuzi. Mtu yuko mbali, hajui jina langu, hajui kama kuna mji unaitwa Mhunze, wala hajui kama Kishapu ni wilaya au ni aina ya samaki. Ameketi mbele ya kamera, ameonyesha mikono yake kwa dakika ishirini, kisha amezima akaenda kupika. Mimi huku nimetazama, nimejifunza, nimefuma, nimeuza. Je, ananidai? Na kama ananidai, nilipe nini, na nimlipe nani?

Najua wapo watakaocheka. Eti gazeti la fasihi, watu wanaandika habari za mapenzi na mauti, huyu anatuletea vitambaa vya makochi! Haya, chekeni, lakini msifunge ukurasa. Sisi tunaoandika tumo ndani ya swali hili hili, tena tumo mpaka shingoni, na nitafika huko.

Kwanza kazi yenyewe. Huku kwetu kufuma si jambo geni. Ingia sebule yoyote ya Mhunze, Maganzo au Mwadui, utakuta vitambaa vyeupe vimelazwa juu ya makochi, kingine juu ya redio, kingine kimefunika mtungi wa maji. Hiyo ni kroshia: sindano moja yenye ndoana nchani, uzi mmoja, na kitanzi kinachovutwa ndani ya kitanzi kingine mpaka litoke ua. Kufuma kwa sindano mbili ni jambo jingine. Huko vitanzi vyote hukaa vimepangwa kwenye sindano kama abiria kwenye benchi, na ndiko yanakotoka masweta, ingawa masweta mengi ya sare za shule sasa yanafumwa kwa mashine. Kroshia haina mashine. Hili nililijua baadaye na lilinishtua. Viwanda vinaweza kutengeneza kitambaa kinachofanana nayo ukikitazama kwa mbali, lakini kroshia yenyewe hasa mpaka leo inatoka mikononi mwa mtu. Kwa hiyo ile blauzi ya kroshia unayoiokota kwenye mitumba kwa shilingi elfu tatu, kuna mtu mahali fulani aliifuma kitanzi kwa kitanzi. Ukiishika, umeshika siku mbili za mtu. Sasa piga hesabu mwenyewe alilipwa nini.

Mimi nilianza kwa video za bure. Mle ndani ya YouTube kuna wafumaji wasio na idadi: Waturuki, Wabrazili, Wajapani na midoli yao midogo wanayoiita amigurumi. Lugha zao sizijui. Lakini vidole havihitaji mkalimani. Unasimamisha picha, unarudisha nyuma, unatazama tena uzi umepita juu ya kidole gani. Kinachokwisha ni bando.

Baadaye nikajiunga na darasa la kulipia la WhatsApp, la dada mmoja wa Dar es Salaam. Shilingi elfu ishirini kwa M-Pesa, wiki tatu. Kila jioni video moja, asubuhi unatuma picha ya ulichofuma, naye anakusahihisha kwa sauti: "Mpenzi, mstari wa nne umepoteza kitanzi, rudi uhesabu." Huko ndiko nilikojifunza kroshia ya Kitunisia. Sindano yake ni ndefu kama ya kufumia sweta, ila ina ndoana. Unakwenda ukiokota vitanzi na kuviacha vyote kwenye sindano, halafu unarudi ukivitoa kimoja kimoja. Kazi haigeuzwi. Kitambaa kinachotoka ni kizito, kimetulia, kinafaa blanketi la mtoto. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akikifuma. Nikafuma mablanketi, yakapata wateja Mwadui, wengine wakaagiza, na mshiko ukaanza kuonekana.

Sharti la yule dada lilikuwa moja tu: video zangu usimtumie mtu.

Ndipo mabinti watano wa mtaani wakanijia. "Dada, turushie hizo video." Nikawaeleza sharti. Mmoja wao, aliyemaliza kidato cha nne na mwenye ulimi mwepesi, akanijibu papo hapo: "Kwani yeye alizaliwa anajua? Si naye kafundishwa? Elimu haina mwenyewe, dada."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linasumbua. Yule dada hakuivumbua kroshia ya Kitunisia. Sheria yenyewe inakubaliana na binti wa kidato cha nne kwa nusu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, pamoja na mikataba ya kimataifa, inatenganisha mambo mawili: namna mtu alivyolieleza jambo, hiyo ni mali yake, utaratibu wenyewe wa kulifanya, huo si wa mtu. Kwa hiyo video ni ya dada, ufumaji si wake. Video sikuzituma. Hapo sina shida na mtu. Lakini sheria imeishia pale pale ambapo swali langu linaanzia, maana kudaiwa si lazima kuwe kosa la mahakamani.

Tena, ni nani aliyetuambia kwamba elimu haina mwenyewe? Wazee wetu Wasukuma hawakusema hivyo. Chukua Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwa ya kila anayeuliza. Uliingia chamani, ukatoa ulichotakiwa kutoa, ukakaa chini ya mwalimu mpaka akuamini. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu nao walificha dawa zao za kuvutia watazamaji, kila upande na siri zake. Lakini Wasukuma hao hao, likija suala la jembe, walilima kwa pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kwa mdundo wa bugobogobo, na sijawahi kusikia mtu ametozwa ada ya kufundishwa kuinua jembe na kulishusha pamoja na wenzake. Yalikuwapo maarifa ya ndani ya nyumba na maarifa ya uwanjani. Sasa kufuma kuko wapi? Kunafanyika barazani, kila mpita njia anaona, na bado mtu anaweza kukaa pembeni yako mwaka mzima asijue unafanya nini.

Wenzetu Waairishi walikutana na swali hili wakiwa na njaa. Viazi viliharibika shambani kuanzia mwaka 1845 na watu wakafa kwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, mke wa mchungaji aitwaye Cassandra Hand alileta mwalimu wa kroshia ili wanawake wapate kitu cha kuuza. Kazi ikaenea vijijini, ikalisha watu, na mpaka leo kroshia ya Clones inajulikana kwa jina hilo. Inasimuliwa kwamba familia zilikuwa na maua yao maalumu, nao waliyaficha majirani wasiyaone. Tazama basi: walifundishwa kwa huruma, wakafunga mlango kwa njaa. Nami siwalaumu hata kidogo. Mwenye njaa akiona ua la uzi anaona gunia la viazi.

Lipo jibu jepesi la kumaliza ubishi wote huu: nimelipa elfu ishirini, basi, yamekwisha. Wale wa YouTube nao wanalipwa na matangazo, hawanidai kitu. Jibu hili ni safi kama noti mpya, na pengine lingenitosha kama ningezaliwa mahali pengine. Lakini nimezaliwa kwenye pamba.

Wewe uliye Dar au Nairobi labda pamba unaijua kwenye duka la dawa tu. Kishapu ni moja ya wilaya za pamba hasa. Tunapanda mvua za mwisho wa mwaka zikishika, tunapalilia, tunapiga dawa, na kuanzia mwezi wa tano hivi tunachuma. Kuchuma si kazi ya mchezo. Kikonyo cha pamba kilichokauka kinachana vidole. Nyumbani tunachambua, safi huku, fifi kule, maana bei zake ni mbili. Halafu inakwenda kwenye mizani ya chama cha msingi. Inapimwa kwa kilo, na pale kwenye mizani ndipo jina la baba yangu linapobaki, limeandikwa kwenye stakabadhi. Pamba inaendelea bila jina. Inachambuliwa mbegu kiwandani, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inapakiwa melini. Kuna shati mahali fulani duniani lenye vidole vya mama yangu ndani yake. Aliyelivaa amelilipia dukani. Naye ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo: nimelipa, sidaiwi.

Si pamba peke yake. Mwadui iko wilayani kwetu. Mwaka 1947 ilitoka pale almasi ya rangi ya waridi, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, na dunia nzima inaijua kwa jina la Williamson, mwenye mgodi. Mikono iliyochimba haina jina.

Na hebu niseme jambo moja la pembeni, kwa sababu linanikera: ule uzi ninaofumia mimi si wa pamba. Ni akriliki, zao la mafuta ya petroli, unaletwa kutoka nje na kuuzwa madonge madonge sokoni. Nyumba imezungukwa na pamba, ndani tunafuma plastiki. Pamba inakwenda bila jina na uzi unarudi bila jina, sisi tuko katikati na sindano.

Sasa mtu aliyekulia kwenye hali hiyo atasemaje kwamba asiyeonekana hadai? Tunapolalamika huku kwamba dunia haituoni, tunadai nini hasa? Bei, ndiyo, bei kwanza. Lakini nadhani hata bei ikiwa nzuri kuna kitu kingine tunachokitaka, nacho ni kwamba yule mwenye shati ajue kuwa halikuota dukani. Siwezi kulitaka hilo kwa mwenye shati, halafu mimi nikamtazama yule Mturuki wa kwenye video kama bomba la maji: nafungua, nakinga, nafunga.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi waandishi. Mimi sentensi nilijifunza kwa Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa letu hili hili. Nilisoma Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, katika nakala iliyopita mikono mingi mpaka ikapoteza jalada. Alifariki mwaka 2020, hakupata kujua kwamba Mhunze kuna binti aliyekuwa akihesabu maneno yake kama mtu anavyohesabu vitanzi. Kila mmoja wenu anayetaka kuandika ana mwalimu wa namna hiyo. Tukikutana vijiweni tunalia kwamba vijitabu vyetu vinatolewa kopi madukani na sisi hatupati senti, halafu usiku tunarushiana video za darasa la mtu aliyekesha kuzirekodi. Hapo, washikaji, tuambizane ukweli.

Lakini deni la walio mbali ni rahisi kulisemea, kwa sababu hawatakuja kugonga mlango. Aliye karibu je?

Mtaani kwetu yupo bibi mmoja anayefundisha kroshia. Yeye alijifunza katika darasa la Umoja wa Wanawake miaka ya 1970, enzi za kisomo cha watu wazima, wakati Kanda ya Ziwa watu walipokuwa wakijifunza kusoma na kuandika kwa vitabu vinavyozungumzia pamba. Anatandika mkeka chini ya mwarobaini. Ada yake ni shilingi elfu tano mpaka umalize kitambaa kimoja cha meza. Ukikosa hela ulete kuku, ukikosa kuku ukamsaidie kuchuma pamba. Ndiyo sukari yake, ndiyo sabuni yake. Simu zilipozidi mtaani, wanafunzi wakapungua. Hakumlaumu mtu. Alipunguza mkeka tu, akatandika ule mdogo.

Sasa wale mabinti watano walipoona video sizitoi, wakaniomba niwafundishe mwenyewe, bure, barazani kwangu. Ukilitazama haraka ni jambo jema. Nimepata bure mengi, nami nitoe bure. Ningesifiwa. Lakini nilipokuwa nalipima nikaona kwamba huo wema wangu kuna mtu mwingine angekuwa anaulipia, naye hakuulizwa. Mimi nina mablanketi ya kuuza. Mafunzo kwangu ni ziada. Kwake ni chumvi. Nikitoa bure kitu ambacho jirani yangu anakiuza ili ale, je, ninatoa cha kwangu au cha kwake?

Si wizi, najua. Hakuna askari atakayekuja. Na upande wa pili nao una hoja zake. Elfu tano kwa binti asiye na kazi ni fedha. Na hatuwezi kusema ujuzi usimame mahali pamoja ili mkeka wa bibi ujae. Kwa mwendo huo tungekuwa bado tunasomea taa ya kibatari. Nililigeuza jambo hili siku nyingi na sikulipatia fomula.

Nilichofanya ni kwenda kwa bibi na blanketi langu. Shikamoo, marahaba, habari za tangu juzi. Akalipokea, akaligeuza nyuma, akalivuta pembe, likajikunja. "Mbona linajikunja mjukuu wangu?" Kweli, kroshia ya Kitunisia ina ugonjwa huo, yule dada wa Dar alikuwa ameniambia niinyooshe kwa mvuke, nami nilikuwa nainyoosha na inarudi. Bibi akasema, "Hebu fuma nikuone." Nikafuma mistari miwili. Akanishika kidole cha shahada kama anayemshika mtoto asianguke. "Unaukaba uzi, kama unavuta ng'ombe mbishi. Legeza. Na sindano hii ni ndogo, tafuta nene." Nikalegeza. Nikabadilisha sindano. Kujikunja kukapungua pale pale, mbele ya macho yangu.

Video zote nilizotazama hazikuwa zimekiona kidole changu. Zisingeweza. Zinaonyesha mkono wa mwalimu. Mkono wa mwanafunzi zinaukisia. Hata yule dada, aliyejitahidi sana na ninamshukuru, alikuwa anaona picha ya kitambaa, haoni jinsi ninavyoshika. Na bibi, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza anaiona ile sindano ndefu, aliona kosa kabla hajajua kazi yenyewe. Jioni mbili baadaye alikuwa anafuma kile kilichonichukua wiki tatu. Sasa hapo mwalimu ni nani?

Nikamwandikia dada wa Dar, nikamweleza mambo yalivyo. Akajibu kwa sauti, nyuma yake kuna kelele za daladala: "Ufumaji fundisheni tu. Video zangu msiziguse. Ila waambieni mlijifunza kwa nani." Nikampelekea bibi habari. Akaniuliza jina la huyo dada, akalirudia polepole ili lisimpotee. Halafu, bila kuulizwa, akanitajia jina la mwalimu wake wa Umoja wa Wanawake, mama aliyekuwa akija kwa baiskeli akiwa amefunga nyuma kapu la nyuzi. Akasema hakuwahi kuulizwa jina hilo na mtu yeyote. Akalitaja mara ya pili.

Tangu hapo mkeka mkubwa umerudi chini ya mwarobaini. Nami nakaa pale siku za Jumamosi. Ada ni ile ile ya bibi, na anapokea yeye. Kati ya mabinti watano, wanne wanakuja: wawili wamelipa, mmoja ameleta kuku, na mmoja atalipa pamba ikiuzwa. Wa tano, yule mwenye ulimi mwepesi, amekataa katakata. Yeye anasema kwenye simu ni bure, na zamani si leo. Amepata video za Kitunisia za watu wengine, za bure kabisa, na sina haki ya kumkataza.

Juzi alinipitia nyumbani na kazi yake mkononi, blanketi dogo la manjano, limefumwa kwa juhudi, vitanzi vyote vimehesabiwa. Akalitandaza juu ya meza. Pembe zote nne zikainuka.

"Dada," akasema, "mbona linajikunja?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimtazama vidole vyake, nikamwambia bibi yuko nyumbani mpaka saa kumi na mbili. Akasonya, akakunja blanketi lake akaondoka, na mpaka sasa sijaamua kama jibu lile lilikuwa langu kumpa.